Moto wa Sinema

Kazi yangu jioni ile ilikuwa petroli. Tamasha la filamu lilifika mtaani kwetu Goma, nikakabidhiwa jenereta, ndoo ya mchanga na agizo moja: moto ukiwaka, mwaga.

Mgeni wetu alikuwa mwongozaji kutoka Ulaya. Filamu zake zina watazamaji wachache, lakini wachache hao wako tayari kupigana kwa ajili yake. Hakuleta yake, alileta aipendayo kuliko zote, *Persona* ya Ingmar Bergman, ya mwaka 1966. Aliieleza kwa kirefu kabla haijaanza. Mimi sikusikia kitu, kwani jenereta ilikuwa imekohoa na nilikuwa nje napuliza mpira wa petroli. Hilo likumbuke.

Niliporudi, filamu ilishashika njia. Mwigizaji wa jukwaani amenyamaza, hataki kusema na mtu. Nesi anayemtunza anaongea kwa ajili ya wote wawili, asubuhi mpaka usiku. Mama mmoja wa kitenge mbele yangu akashindwa kuvumilia: "Huyu nesi naye! Mugonjwa atapata wapi nafasi ya kujibu?"

Mara nesi akavunja glasi. Akaokota vipande, kimoja akakiacha makusudi pale mgonjwa anapopita pekupeku. Mgonjwa akakikanyaga. Uso wa nesi ukajaa ukutani, ukapasuka, tundu likaanza kuila picha, mpaka ukuta wote ukawa mweupe.

Sasa, mtu wa Goma na kitu kinachoungua hawana mazungumzo marefu. Mwaka 2002 lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilipita katikati ya mji; 2021 ikashuka tena, usiku. Sisi hatuulizi moto umetoka wapi, tunauliza viatu viko wapi. "Inaungua!" Mabenchi ya nyuma yakasimama. Nikashika ndoo.

Mchanga wetu ni ule mweusi wa volkano, mkali kama chupa iliyosagwa. Niliumwaga wote juu ya projekta. Projekta ya kidijitali, inayokula kutoka kwenye kompyuta, isiyo na hata sentimita moja ya utepe wa kuungua. Aliyeunguza picha ile ni Bergman mwenyewe, kwa kupenda kwake, miaka mingi kabla sijazaliwa. Ndiyo habari iliyonipita nikiwa na mpira mdomoni.

Feni ikameza mchanga, ikasaga kama kinu cha muhogo. Mgeni akaja mbio, nikajua nimekwisha. Lakini picha ilikuwa imerudi: kivuli cha mwanamke ndani ya ukungu. Akanishika bega, akanituliza kwa Kifaransa: nisiogope, ukungu huo nao umo ndani ya filamu, utaondoka wenyewe.

Watu wakakaa. Tukasubiri. Dakika mbili, tano. Mgeni akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mama wa kitenge akanigeukia. "Kijana, hii moshi nayo ni ya yule muzungu wa 1966?"

"Hapana, mama. Hii ni yangu."