Jonathan Cheechoo: alibebwa, au aliumia?

Mwaka 2006 Jonathan Cheechoo aliibuka mfungaji bora wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini. Alifunga mabao 56, mawili zaidi ya Jaromír Jágr. Miaka minne baadaye hakuwa na timu kwenye ligi hiyo, na hadi leo mashabiki wengi wanamtaja kama mtu aliyebebwa na mchezaji mwenzake, Joe Thornton.

Hoja wanayo. Novemba 30, 2005, San Jose Sharks, timu ya Cheechoo, walimchukua Thornton kutoka timu ya Boston kwa kubadilishana wachezaji. Kabla ya siku hiyo Cheechoo alikuwa na mabao 7 katika mechi 24. Baada yake akafunga 49 katika mechi 58. Thornton alimaliza msimu na pasi za mabao 96, akabeba tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Isitoshe, ndio msimu ambao waamuzi walianza kuadhibu vikali kushikana na kuzuiana, washambuliaji wakapata nafasi. Bila Thornton, 56 hayafikiki. Hilo halina ubishi.

Ila watu hupenda kuanzia hesabu 2005. Msimu wa 2003-04, Thornton akiwa bado Boston, Cheechoo alifunga mabao 28, tena enzi ambazo kufunga kulikuwa kazi kwelikweli. Huyo ni kijana wa Wakrii, jamii ya wenyeji asilia wa Kanada, kutoka Moose Factory, kisiwa cha kaskazini mwa jimbo la Ontario ambacho wakati wa baridi watu huvuka kwa gari juu ya mto ulioganda. Maskauti walishamtilia shaka kwa sababu hakuwa na kasi. Alifika NHL kwa shuti lake.

Sasa fuata mabao yake msimu kwa msimu: 56, 37, 23, 12, 5. Anayesema alibebwa anieleze 37 na 23. Thornton hakuwa amekwenda popote! Msimu wa 2006-07 alitoa pasi za mabao 92, karibu zilezile za mwaka uliotangulia. Mpishi yuleyule, jiko lilelile, na bado mabao 19 yakapotea. Kilichobadilika ni mwili wa Cheechoo. Goti liliumizwa kwenye mtoano wa 2007, na kiangazi hicho akapasuliwa kinena pande zote mbili, kwa jeraha ambalo madaktari wa michezo huliita ngiri ya wanamichezo.

Ukiangalia mabao yake ya 2006 utaelewa kwa nini kinena ndicho kila kitu. Thornton yuko nyuma ya goli au kando yake, anavuta mabeki; Cheechoo anajitenga, gongo tayari limeinuliwa, anakipiga kisahani, ambacho kwenye hoki hii ndicho mpira, bila kukituliza. Uzito unatoka mguu wa nyuma, nyonga inazunguka, kinena kinabeba yote. Mwenye kasi akipoteza hatua moja anabaki na nyingine. Cheechoo hakuwa na akiba hiyo.

Wapinzani watanikumbusha kwamba 2008-09 Devin Setoguchi, mshambuliaji mwingine wa Sharks, alicheza na Thornton akafunga 31, huku Cheechoo akiambulia 12. Sawa, na kwangu inathibitisha kwamba Thornton alimnufaisha aliye mzima. Watataja pia timu ya Ottawa, alikopelekwa Septemba 2009 katika dili lililomleta mshambuliaji Dany Heatley San Jose: mabao 5, mechi 61, kisha ligi ya chini, kisha mkataba ukavunjwa kwa kulipwa fidia. Lakini Ottawa walipokea mchezaji ambaye mabao yake yalikuwa yameporomoka misimu mitatu mfululizo. Kumpima Cheechoo kwa mwaka ule ni kumpima akiwa ameshaisha.

Baadaye alivuka bahari, akacheza Zagreb, Minsk na Bratislava hadi 2017, akiwa na miaka 36. Huko Thornton hakuwepo, na klabu ziliendelea kumpa mikataba.