Huo Mtetemo Ndio Nguvu Yenyewe

Kwanza tuelewane: gari ni zuri. Jekundu, milango miwili, limeinamia mbele, na likipita Matugga watoto wa shule wanasimama kulitazama. Sitaki mtu aje kuniambia kwamba baba wa watoto wanne, mkazi wa Bombo, hana haja na gari la spoti. Watoto wanaenea. Wakikunja miguu, wanaenea.

Ninachogombana nacho ni mtetemo.

Siku ya kulinunua, pale kwenye bondi, yadi ya magari ya kuuza, liliwashwa na kikombe cha chai cha muuzaji kikaanza kutembea juu ya boneti. Jamaa akakidaka bila hata kukitazama, akasema, "Bosi, huo mtetemo ndio nguvu yenyewe. Gari la spoti ukiliona limetulia, jua limechoka." Ilikuwa Ijumaa, nimetoka msikitini. Mlitaka nijilaze chini ya gari na kanzu nyeupe?

Basi mimi na nguvu yangu tukawa tunatetemeka kutoka Bombo mpaka Wandegeya. Nikisimama kwenye taa, usukani unanitikisa mpaka mashavu. Nikitia gia, kitu kinagonga chini: ko! Nikiachia mafuta: ko! Kwenye kioo bodaboda mmoja naona wanne, na kwa Kampala hiyo ni hatari, maana huenda kweli ni wanne. Mama watoto alipanda asubuhi moja, akateremka Kawempe, akasimamisha kamunye, kibasi cha abiria. Akaniambia meno yake hakuyapewa ya kuchezea.

Halafu kila mtu ni daktari. Kondakta ananipigia kelele dirishani, "Ssebo, hizo plagi!" Muuza rolex, zile chapati za mayai, anasema petroli imetiwa maji. Hajati jirani akasema ni jicho la watu, lisomewe dua. Dua nikaikubali, kwa sababu haikunigharimu laki moja na nusu kama yule aliyenibadilishia plagi, na matokeo yalikuwa yaleyale.

Aliyepatia ni Afande mstaafu wa nyumba ya pili, aliyeendesha malori ya jeshi mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikuja na fimbo yake, hata salamu hakutoa.

"Kijana, fungua boneti. Rudi ndani, kanyaga breki. Tia gia. Sasa kanyaga mafuta kidogo. Kidogo, nimesema!"

Injini ikainuka upande mmoja kama mzee anayenyanyuka kwenye mkeka, ikatulia hapo, kisha ikarudi chini: ko!

"Mauntini imekufa," akasema. "Hii injini hakuna kitu inaishika. Iko hapa kwa kupenda yake."

Kumbe injini haifungwi chuma kwa chuma kwenye bodi. Inakalia mauntini, tatu au nne hivi, vyuma vyenye mpira katikati, na nyingine zina majimaji ndani, ili mtikisiko uishie humo usimfikie aliyekaa. Mpira ukichanika, majimaji yakivuja, injini inacheza, na ile mauntini iliyokufa inaziachia wenzake mzigo, nazo zinafuata moja moja. Yangu ilikuwa imeshavuja yote.

Nani kaiua? Washukiwa ni wengi. Uzee wenyewe, kwanza. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15, lakini yaliyokwisha kuingia yanazeekea hapahapa, tunauziana, na mpira unakatika taratibu hata gari likiwa limesimama. Pili, huyo aliyekuwa nalo kabla yangu. Mtu hanunui gari la namna hii ili akaondoke kwenye taa kwa adabu. Tatu, barabara. Mwaka 2023 watu wa Kampala, wakiongozwa na mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo, walifanya maonyesho ya mashimo mtandaoni, kila mtu akileta picha ya shimo lake, mpaka Rais akaagiza zitolewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Mimi ningepeleka matuta pia. Gari langu liko chini kiasi kwamba kila tuta nalipanda kwa mshazari, na nyuma yangu foleni inanitukana kwa lugha tatu.

Nikaenda Kisekka, soko la vipuri, kuuliza bei. Mpya ya kampuni: laki nne na nusu, moja! Ya mtumba kutoka Japani: laki na ishirini, ila mpira wake una umri uleule wa ule uliokufa. Mpwa wangu, anayejua mambo yote ya magari na hana hata baiskeli, akashauri nifunge za poliurethani, plastiki ngumu, kama za watu wa mbio. Hazichaniki upesi, anasema, ila mtetemo wote unaingia ndani. Yaani niongeze pesa ili nitetemeke kwa makusudi.

Ndipo fundi mmoja wa uchochoroni, nyuma ya Bwaise, akaniambia ana mtu wake. Laki mbili na nusu, mpya kabisa, zote tatu na kazi humohumo. Akaondoka na pesa, akarudi jioni na mauntini nyeusi zinang'aa, akaweka jeki chini ya injini na gogo juu ya jeki, akafunga. Nikawasha. Kimya! Niliweka simu juu ya boneti, haikusogea. Karibu nimkumbatie.

Nilipokuwa natia gia niondoke, akanigongea kioo.

"Bosi, hizi za zamani niachie."

"Za kazi gani? Si zimekufa?"

"Kuna mteja anakuja kesho."

Nikazima. Nikashuka, nikafungua boneti, nikapitisha kidole kwenye mauntini yangu mpya kabisa. Kikatoka cheusi. Rangi ilikuwa haijakauka.