Nyumbani au ughaibuni: sheria isimwumize mchezaji wa kawaida

Mwaka 2015 Diana Taurasi hakucheza hata mechi moja ya WNBA, ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake Marekani. Hakuwa majeruhi, na msimu uliotangulia alikuwa ameipa Phoenix Mercury ubingwa. Klabu yake ya Urusi, UMMC Ekaterinburg, ilimlipa ili apumzike. Iliripotiwa kwamba huko akichuma takriban dola milioni 1.5 kwa msimu, ilhali nyumbani Marekani mshahara wa juu kabisa ulikuwa kama dola 107,000. Anayeuona uamuzi ule kuwa usaliti aziweke kwanza hesabu hizo mbili pamoja.

Kwa miaka mingi ratiba iliruhusu kuchuma kotekote. WNBA huchezwa majira ya joto, ligi za Ulaya huanza vuli. Mfuko ulinufaika, mwili ukaumia. Aprili 2019 Breanna Stewart, aliyetoka kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa WNBA, alichanika kano ya kisigino kwenye fainali ya Euroleague, mashindano ya klabu za Ulaya, akiwa na Dynamo Kursk ya Urusi, akakosa msimu wote wa nyumbani. Hakuna anayeweza kuapa kwamba uchovu ndio uliomwangusha, lakini mwaka usio na mapumziko una gharama yake. Kisha Februari 2022 Brittney Griner, nyota mwingine wa WNBA, akakamatwa Urusi alikokuwa akirejea kazini, na hakuachiwa hadi Desemba.

Ndipo zinapopata nguvu hoja za wenye ligi. Mkataba wa 2020 kati ya WNBA na chama cha wachezaji uliweka kanuni ya kipaumbele: kuanzia 2023, mchezaji mwenye zaidi ya misimu miwili aliyechelewa kwa sababu ya klabu ya nje alikatwa mshahara, na kufikia 2024 aliyekosa kuanza kambi ya maandalizi alifungiwa msimu mzima. Kocha hawezi kujenga timu kwa watu wanaowasili vipande vipande. Hilo nalikubali kabisa.

Lakini mzigo ulimwangukia nani? Mwaka 2023 kima cha chini kilikuwa dola 62,285. Nyota ana mikataba ya matangazo, na tangu 2025 ana Unrivaled, ligi iliyoanzishwa na Stewart na Napheesa Collier ili watu wachume bila kuondoka Marekani. Msimu wake wa kwanza ulikuwa na nafasi 36 tu. Mchezaji wa benchi aliambiwa mshika mawili moja humponyoka, wakati hilo moja halikumtosha.

Tena, nyumbani ni wapi? Emma Meesseman ni Mbelgiji. Alikuwa mchezaji bora wa fainali za WNBA 2019, lakini 2023 na 2024 hakuonekana kabisa kwenye ligi hiyo. Kwake Ulaya si ughaibuni. Kanuni iliandikwa kana kwamba kila mchezaji kwao ni Marekani, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lake kubwa. Kima cha chini kingepandishwa kwanza, tarehe zikabanwa baadaye.

Simsukumi mtu kwenda Ulaya akiwa amefumba macho. Mara nyingi klabu za huko hulipa mshahara ambao kodi imeshaondolewa, pamoja na nyumba ya kuishi, ila zipo zinazochelewesha malipo miezi na miezi. FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ina baraza lake la usuluhishi tangu 2007, na mkataba usiolitaja kwa maandishi humwacha mchezaji akidai haki kwenye mahakama za nchi ya kigeni. Kabla ya kuuliza kiasi cha mshahara, amwambie wakala amwonyeshe kifungu hicho.