Boriti, kibanzi na mpiga kinanda

Kikao cha wazee wa kanisa kilikaa Jumanne jioni katika chumba cha nyuma ya madhabahu. Feni ilikuwa imekufa, na kila mmoja alijipepea kwa kitabu cha nyimbo. Ajenda ilikuwa moja. Binti wa kwaya, miaka 19, alikuwa mjamzito na hakuwa na ndoa. Kanisa lenyewe silitaji. Liko upande wa Kisauni, na aliyekuwepo atajijua. Tulikuwa wazee saba. Nusu saa haikuisha tukawa tumekata shauri: avue joho la kwaya, asikaribie Meza ya Bwana kwa miezi sita, akae viti vya nyuma, kisha aje atubu mbele ya kanisa. Mkono wangu ulikuwa juu pamoja na ya wenzangu.

Nyanya yake aliitwa kama mlezi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akajifunga leso vizuri, akauliza, "Wanangu, na mimba hiyo ni ya nani, mwajua?"

Mwenyekiti akamjibu kwa adabu zote, "Mama, hilo halimo kwenye ajenda."

Tulijua sote. Jumapili ile ile kijana mwenyewe alikaa kwenye kinanda chake akatupigia wimbo wa kuingilia, na akaupiga vizuri sana.

Tangu siku hiyo sijaweza kulijibu kwa wepesi swali ambalo watu wa makanisa ya hapa Mombasa hulijibu kabla halijaisha kuulizwa: je, Mkristo ana ruhusa ya kuhukumu dhambi za mwenzake? Vijana wana jibu lao, "usinijaji, Mungu peke yake ndiye jaji." Wazee nao wana lao, kwamba kanisa lisilokanya watu wake limegeuka kuwa klabu. Kila upande una aya zake mfukoni, na kila upande, kwa maoni yangu, umesoma nusu.

Tuanze na aya inayotumika kuliko zote. Mathayo 7:1: "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi." Wengi huishia hapo na kufunga kitabu. Lakini Yesu hakuishia hapo. Aliendelea na habari ya mtu anayekitazama kibanzi ndani ya jicho la ndugu yake huku boriti imelala ndani ya jicho lake mwenyewe. Sisi Waswahili tuna methali ya kufanana na hiyo, nyani haoni kundule. Ila methali yetu inakomea kwenye kicheko. Nyani amechekwa, basi. Yesu anasonga hatua moja mbele: itoe kwanza ile boriti, "ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi katika jicho la ndugu yako." Kwa hiyo kibanzi kinatakiwa kitoke. Hakuna mahali alipomwambia mwenye kibanzi akae nacho kwa kuwa ni haki yake.

Neno boriti msomaji wa bara huenda akalipita tu. Mombasa tunalijua kwa mikono. Ni mti wa mkoko, ulioletwa kwa majahazi kutoka upande wa Lamu, ukalazwa ukuta kwa ukuta kubeba dari za nyumba za Mji wa Kale. Wenye kuuza miti hiyo huipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Vyumba vya nyumba zile ni vyembamba na virefu kwa sababu hiyo tu, boriti haifiki mbali. Nimewahi kuwatazama mafundi wakitoa moja iliyoliwa na mchwa katika nyumba ya jamaa mmoja karibu na Ndia Kuu. Kwanza waliitegemeza dari kwa magogo, kisha wakabomoa chokaa kidogokidogo kwenye pembe, ndipo wanaume wanne wakaivuta. Unga wake ulitujaa vichwani. Mwenye nyumba alikuwa amelala chini ya mti ule miaka na miaka bila kujua umeoza. Aliyeugundua ni kijana aliyekuja kupaka rangi.

Nililichukua jambo hilo nikaenda nalo nyumbani. Marko 6:3 inasema Yesu alikuwa seremala, kwa hiyo nadhani alijua anasema nini alipochagua mti mzito namna ile. Na hapo ndipo hoja ya "usinijaji" inapopata ufa: boriti yangu nitaijuaje, ikiwa jicho ndilo lenye boriti? Lazima mtu mwingine aniambie. Mfalme Daudi alizini na mke wa Uria, akapanga Uria auawe, akaendelea kula na kulala mpaka nabii Nathani alipomjia na kisa cha tajiri aliyechinja mwana-kondoo wa maskini. Daudi akawaka hasira kwa ajili ya dhambi ya tajiri huyo. "Wewe ndiwe mtu huyo," Nathani akamwambia. Bila Nathani, Daudi angekufa akiamini yeye ni hakimu mzuri.

Sehemu ya ugomvi wetu, naona, imetoka kwenye neno lenyewe. Neno la Kigiriki lililoko Mathayo 7 ni pana: kupambanua, kukata shauri, kutoa hukumu, yote yamo. Kiswahili cha Biblia ya 1952, iliyokuja kuunganisha tafsiri ya Unguja na ile ya Mombasa, kinatupa "hukumu", na neno hilo masikioni mwetu linanuka kadhi, korti na jela. Tunayo maneno mengine ambayo si ya korti: kukanya, kuonya, kukosoa, kurudi. Nyanya yangu alinirudi mara nyingi na sikuwahi kusema amenihukumu. Kijana wa leo ukimwambia "hizo pesa hukuzipata kwa njia nzuri" anasema umemjaji. Hujamjaji. Umemwambia ukweli ambao haupendi. Lakini ukienda kumwambia jirani yake habari hiyo hiyo huku mnakunywa kahawa, hapo hujakanya mtu. Umesengenya, hata kama kila neno ni kweli.

Upande wa wazee una silaha nzito, nami sitaki kuidharau. Wakorintho wa kwanza sura ya 5: mtu mmoja anaishi na mke wa baba yake, na kanisa linajivuna badala ya kuhuzunika. Paulo anawaka. "Mwondoeni yule mbaya miongoni mwenu." Hakuna namna ya kuilainisha aya hiyo. Wazee wetu walinisomea kikaoni na nikanyamaza.

Nilichokosa siku ile ni kusoma aya mbili tatu zaidi. Paulo anasema wazi kwamba hakuwa na maana ya wazinzi wa dunia hii, maana hapo ingewabidi watu kutoka duniani. "Yanihusu nini kuwahukumu wale walio nje?" Walio nje ni wa Mungu. Kisha anataja orodha ya walio ndani ambao usile nao, nao si wazinzi peke yao. Yumo mwenye kutamani. Yumo mtukanaji. Yumo mlevi. Yumo mnyang'anyi. Nimekaa kwenye baraza za wazee miaka mingi kiasi, na sijaona mtu akivuliwa joho kwa ajili ya tamaa ya mali. Mtukanaji ndio kabisa, maana wengine huwa wenyeviti.

Tumeigeuza sura hiyo kichwa chini miguu juu. Walio nje tunawahukumu kutwa: wasichana wanaoshuka ufukoni na watalii, mgema na watu wake kule mangweni, jirani Mwislamu asiyetuomba maoni. Walio ndani, hasa wenye vyeo na bahasha nene, tunawaombea. Mgema mwenyewe anachekesha, maana mahubiri ya kulaani tembo la mnazi yakiisha huja sadaka ya mavuno, na sehemu ya noti zile zimepanda na kushuka minazi. Hazirudishwi.

Watu wataniuliza, basi Mkristo asiseme lolote juu ya mambo ya nje? Aseme. Mei 2024 gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka, majani ya kutafunwa ya jamii ya miraa, hapa Mombasa, kabla mahakama haijaisimamisha amri hiyo, mtu yeyote mwenye mtoto wa miaka kumi na tano alikuwa na haki ya kuwa na maoni, awe wa kanisani au msikitini. Kusema kitu fulani kinaharibu vijana ni jambo moja. Kumtazama mtafunaji kibandani na kuamua roho yake inakwenda wapi ni jambo lingine, na hilo la pili hatukuajiriwa kulifanya.

Kanisa la pwani hii lina historia yake ya kuhukumu, na si yote ya kujivunia. Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa ambayo misheni ya Kianglikana iliyaanzisha mwaka 1875, bado ina mnara wake wa kengele pale Kengeleni, Nyali. Watu hupiga picha. Kisichopigwa picha ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1880 kulizuka malalamiko juu ya wasimamizi waliokuwa wakiwachapa viboko na kuwafungia watu wale wale waliotoka utumwani, kwa ajili ya nidhamu ya Kikristo. Mtu ametoka kwenye mnyororo, anaingia kanisani, anakutana na kiboko. Ninaposikia vijana wakisema kanisa linapenda kuhukumu, nakumbuka kwamba hawakulizua.

Lakini ukidhani dawa ni kunyamaza, nenda mwendo wa saa chache kaskazini. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Iliyotolewa ni miili zaidi ya 400, mingi ya watu wanaodaiwa kufundishwa wafunge mpaka wafe ili wakamwone Yesu. Mhubiri wao na wenzake walikana mashtaka, na moja ya kesi hizo ililetwa hapa hapa Shanzu. Hukumu ya korti tuiachie korti. Mimi linaloniuma ni la kabla yake. Makanisa mengi hapa pwani yanafundisha "msiwaguse masihi wangu" ya Zaburi 105 kana kwamba maana yake ni kutomuuliza mchungaji swali. Mahali ambapo mhubiri hahukumiwi na mtu, "usihukumu" haijamlinda mnyonge. Imekuwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa mwenye mimbari. Yesu huyo huyo wa Mathayo 7 alisema, aya chache tu mbele, jihadharini na manabii wa uongo, mtawatambua kwa matunda yao. Utamtambuaje mtu kwa matunda bila kuyakagua?

Kwa hiyo mizani yangu haijalala katikati. Ndani ya kanisa, ndiyo, tuhukumiane, na tuanzie juu. Petro anasema hukumu ianze katika nyumba ya Mungu. Naongeza kwamba katika nyumba, kinachovuja huwa ni paa. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipotangaza kurudisha fedha alizotoa Rais Ruto kanisani, wapo waliosema maaskofu wanahukumu. Walikuwa wanahukumu, na walimhukumu mtu anayekaa kiti cha mbele, mwenye nguvu kuliko wao. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini sasa: tazama hukumu inashuka au inapanda.

Na namna yake ipo, wala haihitaji kikao. Mathayo 18 inaanza na "wewe na yeye peke yenu." Wawili. Ikishindikana ndipo waje mashahidi, na kanisa zima ni la mwisho kabisa. Sisi tulianzia mwisho. Hakuna hata mmoja wetu saba aliyekwenda nyumbani kwa yule binti kumwuliza amekula nini. Wagalatia 6 inataka aliyeghafilika arejezwe kwa upole, na anayemrejeza ajiangalie asije akajaribiwa naye. Sikumbuki kujiangalia. Nakumbuka joto, na kwamba nilitaka kuwahi matatu.

Nabaki na Yohana 8, kisa cha mwanamke aliyefumaniwa. Nakala za kale kuliko zote za Injili hiyo hazina kisa hicho, wataalamu wanasema hivyo, lakini kanisa halijakubali kukiachia, na naelewa kwa nini. Vijana hunukuu "wala mimi sikuhukumu." Wazee hunukuu "usitende dhambi tena." Sentensi ni moja, imekatwa mapande mawili kama muhogo. Mimi siku hizi nasoma kilichokosekana. Alifumaniwa akizini, kwa mashahidi. Torati, katika Walawi 20:10, inawataka wote wawili. Mwanamume yuko wapi?

Wetu alioa mwaka uliofuata, msichana mwingine, katika kanisa lile lile. Wazee tuliitwa mbele kupiga picha na maharusi. Mimi ni wa tatu kutoka kushoto. Nyanya na mjukuu wake walikuwa wamekwisha kuhama, na nikikutana na yule mama sokoni Kongowea, kwenye meza yake ya nyanya na vitunguu, hunisalimia kwa heshima zote na kunipimia sawasawa.