Gari la mkopo likichemsha wiki ya tatu, nani abebe mzigo?

Gari limetoka yadi Kinondoni wiki tatu zilizopita. Leo kwenye foleni ya Ubungo mshale wa temperecha umepanda, mvuke unatoka kwenye boneti, na mwenye gari anaipigia benki: "Silipi mpaka litengenezwe." Hasira yake ni halali, ila amegombana na mtu asiyehusika.

Mkopo wa kawaida wa gari una mikataba miwili. Yadi inakudai fedha na wewe unaidai gari zima. Benki inakudai marejesho, na kazi yake iliisha siku ilipoilipa yadi. Ukisimamisha malipo, adhabu ya ucheleweshaji inaanza kuhesabiwa, na kwa kuwa jina la benki limo kwenye kadi, gari hilo hilo bovu linaweza kukamatwa. Mtu anaweza kuuliza, na kwa haki: benki iliyokuelekeza yadi ya rafiki zake haina lawama? Lawama inayo, lakini lawama haifuti deni.

Mwenye kujibu ni yadi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara wa magari auze gari linalofaa. Ina matundu, hata hivyo. Ukilikagua kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi ungeiona huwezi kumdai muuzaji. Ukisaini "limeuzwa kama lilivyo," umempa ngao. Na ukiendelea kulitumia kimya kimya, haki ya kulirudisha inapotea, inabaki fidia tu.

Yadi nayo ina la kusema. Gari la miaka kumi kutoka Japani si jipya. Bushi, shoki na betri huchakaa. Na gia boksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, iliyotiwa oili ya gia boksi ya kawaida na fundi wa mtaani ikianza kuteleza, kosa si la aliyeuza.

Kwa hiyo ushahidi ndio kila kitu. Zima gari, livutwe. Injini ikipoa, fungua kifuniko cha oili: utando wa rangi ya chai ya maziwa unaashiria maji yanaingia kwenye oili, mara nyingi gaskiti ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku, imekwisha. Usiruhusu hedi ifunguliwe bado. Ikishafunguliwa, yadi itasema fundi wako ndiye aliyeharibu. Piga picha ya kilometa, pata ripoti ya fundi yenye tarehe na sahihi, andika barua kwa yadi ukieleza unalikataa gari au unataka litengenezwe, nakala benki, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Simu haitoshi.

Kisha linganisha kilometa za dashibodi na zile za cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani. Dashibodi ikisoma pungufu, hilo si suala la uchakavu tena: Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na mlango wa kugonga ni Tume ya Ushindani. Bima kubwa uliyolazimishwa kukata isikupe matumaini hapa. Inalipa ajali na wizi, si injini iliyochoka.