Kamera ndogo ya mfukoni: lenzi moja au zumu?

Kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120, na nyingi mno kati ya hizo zilikuwa kamera ndogo zenye lenzi isiyobadilishwa. Mwaka 2023 kamera za aina hiyo zilizosafirishwa hazikufika hata milioni 2. Simu zilizinyang'anya kazi. Casio, iliyotoa QV-10 mwaka 1995 na kuwazoesha watu kuitazama picha papo hapo kwenye kioo cha nyuma, ilijitoa katika soko hilo mwaka 2018.

Zilizosalia zimesalia kwa sababu kila moja hufanya jambo ambalo simu nyingi hazilifanyi vizuri, na ili ilifanye imebidi iache jambo jingine. Ndiyo maana kuchagua kumekuwa kugumu kwa mtu anayepiga picha kwa kupenda tu, asiye na mteja wala mwajiri wa kumwambia anahitaji nini. Karibu kamera zote zilizobaki ni nzuri. Swali ni yuko tayari kukosa nini, na ubishi mkubwa uko hapa: achukue kamera yenye kihisi kikubwa (kihisi ni kile kipande kilichokaa mahali pa filamu na kupokea mwanga) na lenzi isiyovuta, au yenye kihisi cha wastani na lenzi ya zumu, inayovuta kilicho mbali?

Upande wa lenzi moja kuna Ricoh GR III ya 2019, inayoona kwa upana wa milimita 28, ndugu yake GR IIIx ya 2021 ya milimita 40, na Fujifilm X100VI ya 2024 ya milimita 35. Upande wa zumu iko Sony RX100, ukoo ulioanza 2012 na kufikia RX100 VII mwaka 2019 yenye milimita 24 hadi 200, pamoja na Canon G7 X Mark III ya mwaka huohuo, 24 hadi 100. Vipimo vyote hivi ni vile vya kulinganisha na filamu ya milimita 35: namba ndogo huona eneo pana, namba kubwa huvuta kilicho mbali.

Hoja ya kwanza ya kambi ya lenzi moja ni ukubwa wa kihisi. Katika kamera ndogo za kawaida kihisi kina upana wa milimita 6.2 na kimo cha 4.6, yaani eneo la milimita za mraba 28 tu. Kile kinachoitwa cha inchi 1, kilichomo ndani ya RX100 na G7 X, ni 13.2 kwa 8.8, milimita za mraba 116. Cha APS-C, kilichomo ndani ya GR na X100, ni takriban 23.5 kwa 15.6, karibu milimita za mraba 367. Mwanga ukikusanywa mwingi, picha haijai chenga, na ukija kuangaza sehemu yenye kivuli kwenye kompyuta, unakuta bado kuna kitu ndani yake.

Ni kweli, lakini ni nusu ya hesabu. Mwanga unaofika haupimwi kwa eneo la kihisi peke yake. Tundu la lenzi nalo lina neno lake, na namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana. Weka GR III, ambayo tundu lake huishia f/2.8, kando ya G7 X Mark III, inayofikia f/1.8 isipovutwa. Kihisi cha GR kina eneo zaidi ya mara tatu, ila tundu la Canon hupitisha mwanga mara 2.4 zaidi kwenye kila milimita ya mraba. Ukimaliza hesabu, GR inatangulia kwa takriban theluthi moja tu. Usiku, chumbani, tofauti hiyo hutaiona bila kuitafuta. X100VI yenye f/2 ndiyo inayoacha pengo la kweli, zaidi ya mara mbili na nusu.

Mfano unaoeleza vizuri zaidi umetoka Canon kwenyewe. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitoa PowerShot G1 X Mark III, kamera ndogo yenye kihisi cha APS-C na zumu ya milimita 24 hadi 72, yaani pande zote mbili za ubishi huu ndani ya bodi moja. Kwenye karatasi hiyo ndiyo suluhu. Lakini kihisi kikubwa hudai lenzi kubwa, na ili lenzi ile iingie ndani ya bodi ndogo ilibidi tundu lake libanwe hadi f/5.6 zumu inapovutwa mwisho. Pale mwisho, G7 X yenye kihisi kidogo na f/2.8 hukusanya mwanga mwingi kuliko dada yake mwenye kihisi kikubwa. Anayenunua kwa kusoma ukubwa wa kihisi tu asingeligundua hilo hadi awe ameshapiga picha gizani na kushangaa.

Je, basi kihisi kikubwa ni sifa ya bure? Hapana. Faida yake kwenye GR huonekana zaidi mahali ambapo wengi hawaitafuti: mchana. Jua likiwa kali, mwanga upo wa kutosha kujaza kihisi chochote, na kilicho kikubwa hubeba mwingi zaidi kabla ya kufurika. Mtu aliyesimama chini ya mti huku nyuma yake mawingu yanang'aa: kamera ya APS-C inaweza kukupa uso wake na mawingu pia, kama umehifadhi faili ghafi (RAW, ambazo kamera haijazichakata) na kuzisafisha mwenyewe baadaye. Anayepiga na kutuma papo hapo, bila kugusa kompyuta, hula sehemu ndogo sana ya faida hiyo, na ni haki yake kuambiwa mapema.

Kwa hiyo ukubwa wa kihisi hauamui ubishi huu kwa kiasi kinachodhaniwa. Kinachoamua ni upana wa jicho la kamera.

Hapa kambi ya zumu ina hoja ambayo sijawahi kusikia ikijibiwa vizuri. Simu nyingi zina lenzi kuu ya milimita 24 hadi 26. GR III ni 28. Mtu akiacha simu mfukoni na kutoa GR anaona takriban dunia ileile aliyokuwa akiiona. Picha yake itakuwa safi zaidi, itavumilia kuhaririwa zaidi, lakini haitakuwa picha ambayo simu isingeweza kuijaribu. RX100 VII ikivutwa hadi milimita 200 inaleta sura ya mtoto aliye jukwaani, ndege aliye ukingoni mwa bwawa, safu za milima zilizobanana. Ikiwa kipimo ni nini ninachokosa kwenye simu, zumu inashinda wazi.

Kambi ya lenzi moja hujibu kwa kutaja mabingwa. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kamera ya Leica na lenzi ya milimita 50; Mjapani Daido Moriyama amezunguka mitaa ya Tokyo kwa miaka mingi na kamera za Ricoh GR. Ni kweli, lakini ushahidi huo unawahusu wao. Walijua wanatafuta picha gani kabla ya kuinua kamera. Anayeanza bado hajui, na kumnyima zumu kwa kuwa bingwa fulani hakuihitaji ni kumpa jibu la swali ambalo hajaliuliza.

Hata hivyo upande huo una hoja nyingine iliyo bora, nayo ndiyo inayonivuta. Lenzi isiyovuta humfundisha mtu kukadiria. Baada ya muda unajua, kabla hujawasha kamera, kitakachoingia na kitakachobaki nje. Unasogea mguu mmoja mbele, na kusogea huko kunabadilisha picha kwa namna ambayo zumu haiwezi: mtu wa mbele anakuwa mkubwa huku nyumba za nyuma zikibaki zilivyo. Mwenye zumu anaweza kufanya hivyo pia, bila shaka, lakini kidole huwa kimeshavuta kabla miguu haijafikiri. Zaidi ya hayo, kamera hizi zimejengwa kwa wepesi wa kutumia. GR III ina mpango wa kuweka fokasi kwenye umbali maalumu, tuseme mita 2.5: ukifunga tundu hadi f/8, kila kitu kuanzia umbali wa zaidi kidogo ya mita 1 hadi upeo wa macho kinatoka kikionekana vizuri, na kamera haina cha kutafuta unapobonyeza. Kwa picha za mitaani, jambo hilo moja lina thamani kuliko zumu yoyote.

Na kukata picha? Wapenzi wa lenzi moja husema megapikseli ni nyingi, kata tu. Kwa GR III yenye megapikseli 24, ukikata picha ya milimita 28 ibaki kama ya 35, unabaki na takriban 15. Ukikata hadi 50, unabaki na 7 na kidogo, zinazotosha kuchapisha picha inayokaribia ukubwa wa karatasi ya A4. Hiyo ni posho nzuri. Ukitaka kufika 100 kwa njia hiyo unabaki na chini ya 2, na hapo hoja imekwisha.

Kuna kundi la tatu ambalo nalitaja haraka kwa sababu namba zake zinavutia macho kupita kiasi: kamera ndogo zenye zumu ya mara 30 na kihisi kidogo kabisa. Panasonic TZ90 ya 2017 hufika milimita 720. Lakini huko mwisho tundu ni f/6.4, na mwanga ukipita kwenye tundu dogo hivyo hutawanyika; nukta moja huenea juu ya pikseli kadhaa, na megapikseli 20 zilizoandikwa kwenye boksi zinakuwa maneno matupu. Anayependa ndege na hupiga mchana tu anaweza kuifurahia. Wengine waiache.

Yako mambo ambayo hayaingii kwenye ubishi lakini humfanya mtu aipende kamera yake au aitupe kabatini. Kitundu cha kutazamia ni mojawapo. Juani kioo cha nyuma hugeuka kuwa cheusi, na kamera iliyoegemezwa kwenye paji la uso hutikisika kidogo kuliko iliyonyooshewa mikono. X100 inacho, tena kizuri mno. RX100 ina kinachochomoza kuanzia toleo la tatu, 2014. GR III na G7 X Mark III hazina kabisa. Betri ni jingine: GR III hukadiriwa picha 200 tu kwa chaji moja, kwa hiyo ya pili ni lazima. La tatu ni vumbi. Lenzi inayotoka na kurudi ndani huvuta hewa kila mara, na vumbi likitua kwenye kihisi mwenyewe huwezi kulifuta kama anavyofanya mwenye lenzi za kubadilisha; bodi lazima ifunguliwe na fundi. Kamera za kambi zote mbili hupatwa na hili. Unaponunua iliyotumika, piga picha ya anga kwa f/16, au kwa f/11 kama ndiyo mwisho wake, utazame kama kuna madoa.

Kuhusu iliyotumika: wapo wengi sasa wanaosaka kamera za miaka ya 2000 mwanzoni kwa ajili ya rangi zake na flashi kali ya usoni. Sina ubaya nazo, na kwa sherehe za usiku zinatoa picha zenye uhai. Ila mnunuzi ajue kwamba nyingi zilizotoka kabla ya kadi za kumbukumbu za SDHC, zenye nafasi kubwa zaidi, kuanza mwaka 2006 hazisomi kadi ya SD inayozidi GB 2, na baadhi ya Olympus na Fujifilm za wakati ule zinataka kadi za xD, ambazo hazitengenezwi tena. Aulize kadi na betri kabla ya kuuliza rangi.

Mimi ningemtuma mnunuzi kwenye picha zake mwenyewe. Kwa kawaida faili ya picha hubeba ndani yake kumbukumbu ya urefu wa lenzi uliotumika, na simu nyingi huonyesha ukifungua maelezo ya picha. Achague zile anazozipenda kiasi cha kuzichapisha, azipitie moja moja. Zikiwa nyingi ni za lenzi kuu, watu na vitu alivyovifikia kwa miguu, basi anunue lenzi moja. Na ningemshauri milimita 35 au 40 kuliko 28, ili kamera imwonyeshe kitu tofauti na simu: GR IIIx ikiwa lazima iingie mfukoni, X100VI ikiwa gramu 521 shingoni hazimsumbui. Zikiwa nyingi alivuta kwa vidole viwili hadi zikaharibika, basi jibu lake ni zumu ya kihisi cha inchi 1. Hapo achague kati ya tundu pana la G7 X na masafa ya RX100 VII kwa kuangalia saa zilizoandikwa kwenye faili hizohizo: za jioni na za ndani zikizidi, f/1.8, za mchana zikizidi, milimita 200.