Milango Haikuwa na Kosa

Kwanza niweke sawa jambo la kisheria, kwa kuwa ndilo lililopotoshwa kuliko yote katika kisa changu na polisi kinachosimuliwa sasa kwenye ukoo wa mke wangu: katika jimbo la Texas, nchini Marekani, hakuna kifungu kinachomkataza mtu kuendesha gari lisilo na milango. Nina Jeep Wrangler ya milango minne, na milango hiyo iliundwa kiwandani ili ivuliwe. Bawaba zake ziko nje, na gari lenyewe huja na spana yenye ncha ya nyota, namba 50. Unashusha kioo, unachomoa soketi ya nyaya, unafungua mkanda unaouzuia mlango usifunguke kupita kiasi, unalegeza bolti za bawaba, kisha unaunyanyua mlango na kwenda kuuegemeza gereji. Kiwango cha usalama cha shirikisho namba 206, kinachohusu vitasa na bawaba, kinaiacha kando milango ya namna hii, na kwa vyovyote kinambana mtengenezaji, si dereva. Ni kweli kwamba kitabu cha gari kinaonya lisiendeshwe katika barabara za umma likiwa halina milango, kwa sababu abiria hupoteza kinga, lakini kitabu cha gari si Bunge.

Penye utata ni kwenye vioo vya kutazamia nyuma. Katika Wrangler, vioo vya pembeni vimefungwa kwenye milango ya mbele, kwa hiyo ukivua mlango umevua na kioo. Kampuni ya Ford, ilipolirudisha sokoni gari lake la Bronco mwaka 2021, iliviweka vioo kwenye bodi, mbele ya mlango, ili mlango uondoke na kioo kibaki. Jambo la busara, ingawa mwenye Jeep hatakiwi kulisema hadharani. California inadai vioo viwili, na kimoja lazima kiwe upande wa kushoto. Texas, kwa kifungu cha 547.602 cha sheria yake ya usafirishaji, inadai kioo kilichowekwa mahali pa kumwonyesha dereva barabara iliyo nyuma yake kwa umbali usiopungua futi 200, yaani mita 61 hivi. Imesema kioo, na haikusema vioo. Kile cha ndani, kilichobandikwa juu ya kioo cha mbele, kinatosha. Hapo ndipo niliposimama, na bado nimesimama.

Sasa, mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea hapa Houston, na Idi ikamkuta kwetu. Sisi watu wa pwani tulio mji huu tulikuwa tumekubaliana kukutana katika bustani moja ya umma, kila nyumba ije na chungu chake. Mke wangu alitangulia na watoto katika gari la heshima, lile lenye milango, akaniachia vitu vitatu: sufuria kubwa la pilau, mkeka mpana wa miyaa ambao mama alikuwa ameubeba kwenye ndege tangu Tanga, na mama mwenyewe.

Mama alitoka nje akiwa amevaa baibui jipya, akasimama mbele ya gari, akalizunguka pole pole mara moja kwa upande wa kulia na mara nyingine kwa upande wa kushoto.

"Shikamoo mama," nilimwambia, ingawa nilikuwa nimekwisha kumwamkia asubuhi.

"Marahaba mwanangu. Pole sana."

"Pole ya nini, mama?"

"Wamekuibia lini?"

Nikamweleza kwamba hakuna aliyeiba. Mama akanitazama kwa huruma ya mtu aliyewahi kuishi Dar es Salaam, ambako wenye magari huchora namba za usajili kwenye vioo vya pembeni ili mwizi aone haya, na mwizi haoni. "Kwetu wanachukua vioo," alisema, "lakini hata hao wanakuachia mlango." Nikampeleka gereji nikamwonyesha milango yote minne, imefunikwa blanketi. Hapo huruma ikageuka kuwa jambo jingine ambalo sikulipenda. Mtu aliyeibiwa huonewa huruma, lakini mtu aliyeivua mwenyewe milango ya gari lake, akaifunika blanketi isipate baridi, kisha akatoka kwenda kupigwa na upepo, huangaliwa kwa makini na mama wa mke wake.

"Bwana shamba wa mkonge, nilipokuwa mdogo, alikuwa na Land Rover," alisema wakati namfunga mkanda. "Ilikuwa mbovu kila mahali. Milango ilifungwa kwa kamba. Lakini ilifungwa."

Tuliondoka. Katika mitaa ya ndani mambo yalikuwa mazuri, na mama hata alifurahi, kwa sababu wenye Jeep za aina hii wana desturi ya kupungiana mkono wakikutana barabarani, na kila aliyetupungia, mama alidhani ni mtu ninayemfahamu. "Una watu wengi mji huu," alisema, na tangu hapo akawa anawapungia yeye, tena kwa mikono miwili, na alipokosea akampungia dereva wa lori la taka, naye pia aliitikia.

Sifa hiyo haikufika mbali. Tulisimama kituo cha mafuta kununua barafu, na tuliporudi tulikuta bata mdogo wa mpira, wa manjano, amekaa juu ya boneti akitutazama. Huo ni mchezo ulioanza Ontario, Kanada, mwaka 2020: mwenye Jeep akiona Jeep nyingine iliyompendeza, humwachia mwenyewe bata kama zawadi. Nilijitahidi kulieleza jambo hili, lakini jaribu wewe kumweleza mama wa Kitanga kwamba mtu usiyemjua amepita, amekuwekea kiumbe juu ya gari, hakuacha jina, na nia yake ilikuwa njema. Mama alimshika bata kwa karatasi, akamsomea Ayatul Kursi yote bila haraka, akamtupa kwenye pipa la taka, kisha akanawa mikono kwa barafu yetu.

Ndipo tukaingia barabara kuu. Mwendo wa maili 60 kwa saa, kwa gari lisilo na milango, ni habari nyingine kabisa. Kofia yangu ya kiua, iliyodariziwa kwa mkono, iliondoka kichwani bila kuaga na sasa ni mali ya jimbo. Baibui la mama lilijaa upepo kama tanga la jahazi, naye akakamata kwa mikono miwili ule mshikio ulio juu ya kabati la mbele, akafumba macho, na kuanzia hapo maneno yake yote yalielekezwa juu, si kwangu. Nyuma, sufuria lilikuwa limetulia, maana nilikuwa nimelifunga kwa mkanda wa kiti kama abiria mwingine. Mkeka nao nilikuwa nimeusimamisha katikati, kati ya viti vya nyuma, kwa sababu ukilazwa ungetokeza kila upande kwa futi nzima. Upepo ulikuwa umeufungua kidogo, ukachanua.

Taa za bluu na nyekundu zilianza kuwaka nyuma yetu, na ninasema "nyuma yetu" kwa sababu mama ndiye aliyeziona alipogeuka kuangalia pilau.

Nilisimama pembeni, nikaweka mikono juu ya usukani kama inavyotakiwa, na nikaanza kupanga hoja zangu kichwani. Kwa kweli nilikuwa nikiisubiri siku hiyo. Askari alifika hadi ubavuni mwangu, akasimama pale ambapo kwa kawaida angegonga kioo, akakosa pa kugonga, mkono ukabaki hewani.

"Amekuja bila hodi," alinong'ona mama.

"Mama, hakuna mlango wa kubishia."

"Ndiyo ninayosema."

Kabla askari hajafungua kinywa nilimwamkia na kumweleza, kwa lugha ya adabu, kwamba sheria za jimbo hazidai milango; kwamba kiwango namba 206 kinambana mtengenezaji; kwamba magari ya Willys ya jeshi ya mwaka 1941, mababu wa gari hili, hayakuwa na milango kabisa na yalishinda vita; na kwamba hata ule ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari ya watu binafsi umeondolewa Texas tangu Januari 2025. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nakiri alikuwa msikivu.

"Milango hainihusu," alisema. "Tazama kioo chako uniambie unaona nini."

Nikatazama. Nilitamani sana kuona barabara.

"Anauliza nini?" mama alitaka kujua.

"Anauliza naona nini kwenye kioo."

"Mwambie ni mkeka wa miyaa. Mwambie nimeusuka mwenyewe, na rangi ile ya zambarau imechukua siku mbili."

Nikatafsiri, kwa kuwa kukaa kimya kungeonekana ni kuficha. Askari aliinama, akautazama mkeka, akasema kwamba kwa hakika ni mzuri, ila haufikii futi 200. Mama aliposikia ameusifu, moyo wake ukafunguka kabisa. "Leo Idi," alisema. "Mpe sahani moja ya pilau, mwanangu, masikini anafanya kazi sikukuu." Na papo hapo akaanza kujinyoosha kuelekea kwenye mfuniko. Hapo jasho lilinitoka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa sababu mimi nimekulia mahali ambapo trafiki akisimamisha gari na sahani ikatokea, kila mtu anajua kinachoendelea. Nilimweleza askari kwamba mama hamhongi, kwamba hii ni dini tu. Akasema hakuwa amefikiria hongo mpaka nilipoitaja.

Tukajaribu kuulaza mkeka. Ukatokeza kulia na kushoto, na askari akatikisa kichwa. Tukajaribu kuusimamisha kando, nyuma ya kiti cha mama. Upepo wa lori moja lililopita ukaukunjua wote, ukamfunika mama na kiti chake, na kutoka chini yake ikasikika sauti ikiomba shahada isimpite. Mwishowe nilimpigia simu mke wangu, akaja na gari lenye milango. Hakunisalimu. Alimsalimu askari. Walimhamisha mama, wakahamisha mkeka, wakahamisha na sufuria, wakaondoka, nami nikabaki na onyo la maandishi mkononi na kioo cheupe kinachoonyesha barabara ya nyuma si futi 200 tu bali mpaka upeo wa macho. Onyo hilo linataja kioo, na halitaji milango hata kwa herufi moja. Nimelitia kwenye fremu.

Wiki hiyo hiyo niliagiza vioo vya ziada, vile vinavyofungwa kwenye bawaba mlango ukiwa haupo, na kwa upande wa sheria nikadhani shauri limekwisha. Lakini mama alikuwa amekwisha kutuma ujumbe wa sauti wa dakika nane kwenye kundi la ukoo. Katika toleo la Tanga nilisimamishwa na polisi kwa kukosa milango, na milango niliikosa kwa sababu niliiuza, na niliiuza kwa sababu maisha ya Marekani yamekuwa magumu lakini nina aibu ya kusema. Nilijibu kwa maandishi, nikatia na namba ya kifungu. Shangazi mmoja aliweka alama ya mikono inayoomba dua. Mwingine akaandika, "Subira, mwanangu."

Juzi mjomba wa mke wangu alinipigia kutoka Dar es Salaam, kwa sauti ya chini ya mtu anayemsitiri mwenzake. Wamechanga. Amekwenda mpaka mtaa wa Gerezani, kwa wauza vipuri, akapata mlango mmoja wa Suzuki, rangi si ile ila umenyooka, na fundi amemhakikishia kwamba akiupiga nyundo kidogo pale chini utaingia. Alitaka tu nimwambie, kwa kuwa fedha zimetosha mmoja, tuanze na upande wa dereva au wa mama.